Mkasi wa Mgeni Rasmi

Mkasi alioleta Mzee Funguo haukuweza kukata hata uji. Mgeni rasmi aliuminya, utepe ukajikunja. Akauminya tena, utepe ukamcheka. Wapiga picha wakashusha kamera.

"Mzee, huu mkasi au koleo?" mkurugenzi wa hospitali alinong'ona, meno nje kwa ajili ya picha.

"Ndio uliokuwa stoo, bosi. Nikatafute mwingine?"

"Kimbia!"

Mzee Funguo akaondoka kwa mwendo wa bibi harusi.

Nyuma ya utepe kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mashine mpya ya moyo: ile inayomwezesha daktari kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kifuani, akaziba palipo wazi bila kumpasua mtu. Ilifika tangu mvua zilizopita. Lakini mkurugenzi aliamuru asiguswe mgonjwa kabla mgeni rasmi hajakata utepe, na mgeni rasmi alikuwa na shughuli. Alikuwa akizindua vyoo kwingineko. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akiahirisha, mwenyeji afanyeje.

Mjukuu wa Mzee Funguo alikuwa mmoja wa wenyeji hao. Kuna mshipa jirani na moyo ambao kila mtoto huzaliwa nao ukiwa wazi, kisha hujifunga wenyewe. Wake ulisahau. Asubuhi hiyo maji yalianza kujaa mapafuni. Daktari wa moyo alipoomba ruhusa, mkurugenzi alimwambia leo ni siku ya picha. Kazi itaanza kamati ikishakagua. Kamati yenyewe ilikuwa bado kuteuliwa.

Mzee Funguo alizijua tepe za wakubwa. Lifti ya hospitali hiyo hiyo iliwahi kufungwa utepe, nzima, inang'aa, inasubiri mheshimiwa. Mkewe akapandishwa kwa ngazi. Hakufika juu. Lifti ilizinduliwa wiki iliyofuata, kwa vigelegele.

Ndiyo maana shemeji yake, mdogo wa marehemu, hakuyaamini macho yake siku hiyo. Mzee alikuwa akijipendekeza bila haya. Aliomba kwaya ya wauguzi irudie wimbo. Alimsihi mgeni rasmi aongeze nasaha, "maana hatushibi." Mgeni rasmi, mtu wa huruma, akaongeza.

Shemeji alimbana kwenye kona ya stoo.

"We mwanamume! Mtoto anahema kama kapanda mlima. Nimegonga wodini, mama yake hafungui, amejifungia na uchungu wake. Nawe unawabembeleza hawa waongee?"

"Shemeji, mkubwa haharakishwi."

"Dada yangu alifanya vizuri kutangulia. Asingeweza kukutazama."

Hilo lilimwingia. Alipapasa shada la funguo za hospitali kiunoni, kama mtu anayekagua meno yake baada ya kupigwa ngumi, akarudi kwenye sherehe mikono mitupu.

"Mkasi mwingine sijauona, bosi. Labda mheshimiwa atusimulie kidogo alivyoanza uongozi, wakati wanatafuta."

Mkurugenzi alimtazama kama anayemchagulia jeneza. Lakini mgeni rasmi alishakohoa kusafisha koo. Alisimulia utoto wake, shule yake, mbuzi wake wa kwanza. Watu wa mbele walipiga makofi. Wa nyuma walipiga miayo.

"Na hii taa nyekundu juu ya mlango," akauliza katikati ya hadithi, "mbona inawaka?"

"Inakukaribisha, mheshimiwa," akajibu Mzee Funguo.

Mheshimiwa akaweka tai sawa, akaendelea na mbuzi.

Mbuzi alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili taa ilipozimika. Mzee Funguo akatia mkono mfuko wa koti, akachomoa mkasi mkali kama wembe.

"Kumbe ulikuwa nao!" mkurugenzi akafoka.

"Uzee, bosi."

Utepe ukakatika. Vigelegele. Mkurugenzi akausukuma mlango kwa mbwembwe, kamera zikamfuata.

Kitandani alilala mtoto, anahema taratibu, pajani ana bandeji mpya. Daktari alikuwa akivua glavu.

"Karibuni," alisema. "Ila msipige kelele. Kizibo ndiyo kwanza kimekaa."

Mama wa mtoto akapita katikati ya waheshimiwa, akamrudishia Mzee Funguo, baba yake, ufunguo wa mlango wa nyuma.