Pua ya Kirimi

Watu wanne waliofunikwa leso gubigubi walisimama uwanjani kwa mzee Gitobu, Mitunguu. Chini ya leso moja alikuwamo binti yake, Kananu. Kirimi, aliyeleta mahari, alitakiwa kumtambua mchumba wake bila kumgusa wala kumsemesha.

"Ukikosea ni mbuzi wawili," Gitobu akamkumbusha.

Mbuzi hawakumtisha. Kananu ndiye aliyemtisha, maana Jumapili alimwambia wazi: "Ukinipita, Kirimi, nitajua hujawahi kuniona. Na tutaachana hapo hapo."

Wanaume wengine hukariri vidole vya miguu. Kirimi alikuwa mtaalamu, bwana. Kule kwao Kanyakine alichemsha majani ya rosemari kwenye pipa, akakinga mvuke, akapata mafuta ambayo, kwa maneno yake, yaliotesha nywele, yalizibua kifua, yalirudisha kumbukumbu na kulainisha magoti. Kufufua wafu alikuwa bado anafanyia utafiti.

Mwezi uliopita alimpa Kananu chupa nzima ya kupaka kichwani kila siku. Baada ya siku tatu Kananu alipiga simu.

"Kirimi, hii mafuta yako ina..."

"Inawasha kidogo? Hiyo ndiyo nguvu yake! Wewe paka tu." Kisha akamhubiria dakika ishirini kuhusu mizizi ya nywele. Kananu akasema sawa.

Adui wa dawa hiyo alikuwa mmoja tu, Kajuju, shangazi yake Kananu, ambaye hata chooni hakuenda bila mkongojo. "Mimi nipakwe majani ya kuchomea watalii nyama?" aliwauliza akina mama wa kanisa. Leo hakuonekana popote. Mkongojo wake tu ndio ulioegemezwa ukutani, na Kirimi akamshukuru Mungu kwa hilo.

Akaanza kunusa. Wa kwanza alinukia sabuni ya kufulia. Wa pili alinukia mafuta ya mgando, yale ya kila duka. Maskini huyu, Kirimi akawaza, mume atampata wapi? Akampita.

Kwa wa tatu, rosemari ilimpiga puani hadi macho yakalengwa na machozi. Wa nne hakujisumbua naye.

"Huyu ndiye wangu!" akatangaza. "Ningemjua hata nikiwa nimefungwa macho."

Leso ikafunuliwa. Shangazi Kajuju akapiga hatua mbili za ngoma bila kuyumba.

"Magoti yamepona, mkwe wangu! Umeniletea chupa nyingine?" Akamtazama kwa mshangao. "Kwani Kananu hakukuambia? Ile ilimletea vipele kichwa kizima, akanipatia mimi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Leso ya yule wa mafuta ya mgando ikavuliwa na aliyeivaa. Kananu akaikunja taratibu, akaingia nyumbani, akafunga mlango.