Mtihani wa Kuvaa Uhusika

Ukumbi mzima ulikuwa ukimcheka mtu ambaye hakuwapo. Jukwaani, Binti Mkuu alikuwa ameinama na dekio, mkono mmoja kiunoni, anaburuta mguu na kunong'ona peke yake. Wenzake wa mwaka wa pili wa sanaa za maonyesho na filamu walishika mbavu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa yule ni nani. Ni Mama Deki, anayesafisha jengo lao kila siku.

Zoezi lilikuwa hivi: chagua mtu, mchunguze wiki mbili bila mwenyewe kujua, kisha mvae mbele ya watu, mwendo wake, sauti yake, na maneno yaliyotoka kinywani mwake. Wengine walihangaika na askari wa getini na muuza magazeti, wakaambulia patupu. Binti Mkuu hakuhangaika kabisa.

Binti Mkuu halikuwa jina lake. Walimbatiza hivyo wiki ya kwanza, aliposema mama yake ni mkuu wa shule, tena shule ya watoto wa wakubwa. Jina likamganda, na heshima yake yote pale chuoni ikakaa juu ya jina hilo.

Alipoinua uso kupokea makofi, alimwona Mama Deki mlangoni na ndoo yake. Alikuwa amesimama pale kitambo, maana povu la sabuni lilikuwa limekwisha. Hakununa wala hakutabasamu. Alikuwa anamtazama tu.

Aibu ilimpanda Binti Mkuu hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke. Mhadhiri alimsifu, kisha akatangaza kwamba kesho asubuhi itakuwa zamu ya kundi la jioni kwa zoezi hilohilo, na wao wa kundi la mchana waje wote kutazama. Binti Mkuu hakusikia hata nusu ya maneno hayo.

Alimkuta Mama Deki kwenye chumba cha vifaa chini ya ngazi, anakamua matambara. Mlango ulikuwa wazi, lakini aligonga mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, mwanangu."

"Nimekuja kuomba radhi. Nimekuvunjia heshima."

"Umekosea mguu," alisema Mama Deki. "Unaoniuma ni wa kushoto. Wewe umeburuta wa kulia."

Binti Mkuu alitaka kucheka, kikamtoka kilio. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa viganja. Mama Deki aliyaacha matambara, akavuta kigoda, akakaa karibu naye sana.

"Usifute machozi," alimwambia taratibu. "Yaache. Sema yote."

Basi akayasema. Miaka miwili alikuwa ameyabana kifuani, na siku hiyo yalimtoka yote kwa mkupuo.

"Huo mguu wa kulia ni wa mama yangu. Si mkuu wa shule, mama. Anadeki wodi za hospitali. Ndiye anayenisomesha, na mimi namkana mbele za watu. Mwaka jana alikuja kuniona, nikawaambia wenzangu ni mtumishi wetu wa nyumbani."

"Rudia hilo la mwisho."

Alilirudia, sauti imekatika. Mama Deki alitikisa kichwa polepole, macho hayambanduki usoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu. Nakuomba, wenzangu wasijue. Nitaficha wapi uso wangu?"

"Nenda kapumzike, mwanangu. Umefanya vizuri kuja."

Siku hiyo Binti Mkuu alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Aibu ilikuwepo bado, ila sasa alikuwa na mtu wa kuibeba naye. Hata aliazimia kwenda kwao mwisho wa wiki, ampigie mama yake magoti.

Asubuhi alikaa safu ya mbele. Wanafunzi wa kundi la jioni walikuwa watu wazima wenye ajira zao, na watu wa mchana hawakuwajua. Karani mmoja alimvaa bosi wake, wakacheka. Muuguzi alimvaa mgonjwa mkorofi, wakacheka zaidi.

"Wa mwisho," alisema mhadhiri. "Huyu wengi mnamjua kwa kazi yake ya mchana."

Mama Deki alipanda ngazi za jukwaa huku akichechemea. Alipofika katikati alijinyoosha, na kuchechemea kukaisha. Alikaza mabega, akaweka nywele nyuma ya sikio, akagonga hewani mara mbili.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

Ilikuwa sauti ya Binti Mkuu, hata kikwaruzo chake kidogo cha kooni hakikukosekana. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, shingo zote zikageukia safu ya mbele. Mama Deki alisubiri kicheko kitulie. Kisha alikaa chini, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika.

"Mama yangu," alisema kwa kilio, "si mkuu wa shule."