Sikio la Sultana

Saa mbili na robo asubuhi mkaguzi alikuwa amemaliza kikombe cha pili cha chai, na Sultana alikuwa bado hajaonekana.

Cikuru, mtunza wanyama, alimkonyeza Mama Hadjara amimine cha tatu. Mama Hadjara, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kukata tiketi, alimimina, akasogeza na sahani ya ndagala wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Mkaguzi, Bwana Élysée, alitazama saa yake, kisha akatazama ndagala. Ndagala walishinda.

Cikuru alitoka ofisini kwa hatua za mtu asiye na haraka. Alipofika nyuma ya jengo, alikimbia.

Bustani ile ya wanyama, kando ya barabara ya kuelekea Kigwena, ilikuwa na kobe wawili, nyani mmoja mwenye kinyongo, na kiboko aitwaye Sultana. Wageni hawakuja kwa ajili ya kobe. Watu wa Rumonge, ambao wiki nzima huwakimbia viboko bure ufukweni, kila Jumapili walinunua tiketi ili wamtazame mmoja.

Barua ya mkaguzi ilikuwa na sentensi moja tu yenye uzito: kiboko asipokutwa katika hali njema, bustani itafungwa. Ikifungwa, Cikuru na mkewe na watoto wao watatu wangetoka katika chumba cha langoni, na hawakuwa na kwingine. Mwaka ule ziwa lilipopanda, nyumba yao ilikwenda na maji, mlango na dirisha.

Alisimama kando ya bwawa la saruji, akagonga beseni la kabichi kwa fimbo. Maji yalitulia kama uji uliopoa. Akagonga tena. Mara ya tatu povu likapanda, matundu mawili ya pua yakachomoza, na Sultana akapumua kwa kishindo.

“Umechelewa,” Cikuru alimnong'oneza.

Bwana Élysée alifika na faili lake, akifuta mafuta vidoleni. Alianza na lango. Lilikuwa na kufuli tatu. Alivuta ya kwanza, akavuta ya pili, kwenye ya tatu akajining'iniza kidogo, kisha akaandika: Mnyama hawezi kutoka. Alifungua ramani ya bustani, akasoma unene wa ukuta wa upande wa ziwa: sentimita arobaini. Aliisoma namba hiyo mara mbili, akaridhika.

Aliuliza kwa nini upande huo umefunikwa kwa pazia refu la matete.

“Asione ziwa, shefu,” Cikuru alijibu. “Akiliona, atalitamani.”

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa heshima. Aliandika mistari mitatu kuhusu saikolojia ya mnyama, na neno saikolojia akalipigia mstari.

Kisha alimkagua Sultana mwenyewe kutoka ukingoni, umbali ambao ungeviacha viatu vyake vikavu. Alieleza kwamba viboko wanaofugwa kwenye saruji hupasuka ngozi na kuota vidonda miguuni. Alikuwa amesoma habari hizo. Huyu, aliyekaa kifungoni miaka minane, aling'aa kama bibi arusi. Hata tope la mgongoni lilikuwa bichi. Akataka kujua anapewa nini.

“Kabichi, shefu. Na heshima.”

Mkaguzi alicheka, akafunua ukurasa wa mwisho wa faili. Palikuwa na picha ya Sultana. Aliitazama picha, akamtazama kiboko, akaitazama picha tena. Kicheko kilikwisha.

“Hapa sikio la kushoto limekatika,” alisema. “Huyu analo zima.”

Nyani aliacha kutikisa vyuma vyake. Cikuru aliwaza chumba cha langoni, na magodoro mawili yaliyomo.

“Lilipona,” alisema.

“Sikio lililokatika linapona?”

“Tulipaka mawese. Asubuhi na jioni.”

“Mawese ya hapa hapa Rumonge, papa,” Mama Hadjara alidakia. “Si yale mnayouziwa Bujumbura.”

Bwana Élysée alishika kalamu. Nyanya yake wa Kabezi alikuwa ametibu kwa mawese ya moto kikohozi, mifupa na ndoa moja. Kuyatilia shaka mawese hapo yanapokamuliwa kungekuwa kuwatukana watu wawili waliomkirimu chai. Aliandika taratibu, akijisomea kwa sauti: Sikio limeota upya. Huduma ya mfano. Kisha akapiga muhuri.

Kabla ya kuondoka alisimama kitambo, akimwangalia Sultana kwa huruma ya kweli.

“Maskini,” alisema. “Azaliwe kando ya ziwa kubwa namna hii, halafu asilione maisha yake yote.”

Kwa sababu hiyo alipendekeza kufuli ya nne.

Mama Hadjara aliinamisha kichwa kukubali, na akachelewa kukiinua. Cikuru alimsindikiza mkaguzi hadi kwenye gari, akamfungulia mlango, akapunga mkono mpaka gari likapotea nyuma ya michikichi.

Saa kumi na moja jioni mgeni wa mwisho alitoka. Cikuru alifunga kufuli tatu za lango, moja baada ya nyingine, akaijaribu kila moja kwa mkono. Kisha akaenda upande wa pili wa bwawa, akalikunja pazia la matete. Ukuta wa sentimita arobaini haukuwapo. Ulikuwa umekwenda na maji mwaka ule ule wa nyumba yake. Sultana alipanda kutoka bwawani, akapita kando yake bila kumtazama, akateremka ziwani kama karani anayetoka kazini.

“Murakoze,” Cikuru alimshukuru. “Na kesho mwenzako, yule wa sikio lililokatika, asichelewe kama wewe. Watoto wa shule wanafika saa mbili.”