Kasoro za Nyumba ya Yohana

Bonifasi alichokonoa ukuta wa sebule kwa ncha ya panga mpaka plasta ikabanduka kipande kikubwa kama sinia. Udongo mwekundu ukamwagika sakafuni. Dominika akageuza uso, kama mtu anayeona mgonjwa wake akifunuliwa nguo mbele ya wageni.

"Unaona, afisa?" Bonifasi alisema. "Nje saruji, ndani tope."

Abdulazizi, mthamini aliyeletwa kusikiliza pingamizi, aliandika kwenye daftari lake.

Mwezi wa tano ilikuja karatasi ya kodi kutoka halmashauri, iliyosema kwamba nyumba ile ya Newala, yenye vyumba vitatu na bati lililoanza kushika kutu, ina thamani ya shilingi milioni arobaini na nane. Kodi yake Dominika hakuwa na pa kuitoa. Maua ya mikorosho yalikuwa yameliwa na ule ukungu wa ubwiriunga. Chini kabisa ya ile karatasi iliandikwa kuwa asiyelipa atafikishwa mahakamani. Alikaa siku tatu chakula hakipiti. Nyumba ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho tangu mumewe, Yohana, afariki mwaka juzi.

Aliyemtoa katika hofu ile ni Bonifasi, mtoto wa dada yake Yohana, aliyekuja kutoka Lupaso bila kuitwa. Dominika alishangaa, maana hawakuwa wameachana vizuri. Siku ya kuanua tanga, Bonifasi ndiye aliyesimama akasema mali ya mjomba ni ya wapwa, ndivyo ilivyokuwa toka enzi za mabibi zao. Dominika akalia kwamba bati na saruji vilinunuliwa kwa korosho zake. Wazee wakaamua nyumba ni nusu kwa nusu, na anayeitaka yote amlipe mwenzake nusu ya thamani yake. Hakuna aliyekuwa na uwezo huo. Watu wakala, wakatawanyika.

Sasa Bonifasi huyohuyo alimwandikia barua ya pingamizi, akaipeleka ofisini mwenyewe, akarudi mara mbili kufuatilia. "Yale yaliisha, Mama Agatha," alimwambia. "Mjomba asingependa uhangaike." Jumapili ile Dominika alimwombea kanisani kwa jina.

Abdulazizi alifungua faili. "Hapa imeandikwa kuna ghorofa chini ya ardhi. Iko wapi?"

Dominika akawapeleka nyuma, akainua mfuniko wa chuma wa kisima cha kukingia maji ya mvua, kama walivyo navyo wengi huku juu mlimani ambako maji ni ya kusaka. "Shuka, baba, uikague. Wapangaji wangu ni vyura."

Abdulazizi alicheka, akaifuta ghorofa kwa mstari mmoja. Mthamini aliyekuja mwanzo, alisema, alikuwa mgeni, mtu wa maji ya bomba. Aliona saruji na mfuniko akadhani kuna vyumba. "Nikiandika milioni kumi na nane, mama, kodi yako inalipika. Tuishie hapo?"

Dominika alikuwa tayari kushukuru.

"Mwonyeshe na msingi," Bonifasi alisema taratibu. "Usione aibu, Mama Agatha. Sema yote."

Akasema yote. Alisema msingi wa nyuma hauna mawe, kwa sababu mwaka ule Yohana aliugua na fedha zikaishia hospitali. Akaonyesha mbao zilizoliwa na mchwa. Akasogeza kabati, akaonyesha ufa aliouficha miaka minne. Kila kasoro aliyoitaja ilimchoma, kama anamsengenya marehemu naye yupo chumba cha pili anasikiliza. Yohana aliijenga nyumba ile kwa misimu tisa ya korosho, ukuta mmoja leo, mwingine mwakani, akijisifu kwa kila apitaye. Lakini Dominika aliendelea, maana kwa kila neno aliona hesabu ya daftarini inashuka.

Mwisho Abdulazizi aliandika milioni sita. Aliishikilia kalamu kidogo kabla ya kumpa.

"Mama, nyumba yako si mbaya kiasi hiki. Ukisaini, hii ndiyo thamani yake, na si kwangu tu."

"Ndiyo hiyo, baba," Dominika alisema, akasaini.

Barua ya ofisi ilitoka wiki ya pili. Dominika alilipa kodi siku hiyohiyo kwa fedha ya mbaazi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano akalala mpaka jua likamkuta kitandani. Bonifasi alipotuma salamu kwamba anakuja Jumamosi, Dominika alichinja jogoo wake wa pekee.

Hakuja peke yake. Alifuatana na wazee wawili wa ukoo, walewale walioamua siku ya tanga. Dominika alifurahi kwamba nao wamekuja kumpongeza. Akawatandikia mkeka, akawamiminia maji ya kunawa mmoja mmoja. Wakala, wakasifu mchuzi. Bonifasi aliomba aongezwe ugali.

Walipomaliza, mzee mkubwa aliomba kuiona ile barua. Aliisoma polepole mpaka kwenye sahihi ya Dominika, akaikunja vizuri. Kisha akapokea bahasha kutoka kwa Bonifasi, akaisukuma juu ya mkeka hadi ikagusa goti la mwenyeji wake.

"Nusu ya sita ni tatu, Mama Agatha. Imo yote humo. Utahama lini?"