Ukucha wa Bi Bronisława

Ukucha wa Bi Bronisława ulikwama kwenye pete ya chuma, na msimamizi wa karakana akatupa mikono juu.

"Usiniambie, mama! Mashine imeipima mara tatu, haina kasoro. Lori linaunguruma getini. Gonga muhuri wako tukanywe supu."

"Mashine haina kucha, mwanangu."

Bi Bronisława alikuwa mkaguzi wa ubora, na pete ile ya chuma ilikuwa ya injini ya helikopta. Pale Mielec, mji wa viwanda nchini Poland, watu waliapa kwamba aliwahi kusikia ufa ukianza akiwa kantini, mdomo umejaa pierogi. Kucha tisa alizipaka rangi nyekundu. Wa kumi, wa kidole cha shahada, aliuacha mtupu, umenolewa kama kisu cha kumenyea viazi; na ili usilainike, vyombo nyumbani huoshwa na mumewe.

Bi Bronisława akafumba macho, akaupitisha tena juu ya pete. Ukakwama palepale.

Msimamizi akaipaka pete wino wa bluu, ule unaobaki ndani ya ufa, akaufuta, akainama na kioo cha kukuzia hadi pua ikagusa chuma. Hapo akauona: mstari mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Akainua macho, akamtazama yule mama kama mtu anayetazama kilele cha mnara wa kanisa.

"Nimesalimu amri. Hii ibaki, lori liende na zile nyingine kumi na moja zilizokwisha kupakiwa."

"Hizo amezigongea muhuri nani?"

"Mwenzako wa zamu ya asubuhi."

"Yule anayetafuna kucha?"

Nje, lori likatia gia. Msimamizi akachomoka mbio kwenye theluji, bila koti, akipunga mikono yote miwili.