Nailoni ya Viti

Kihiyo alilizunguka gari mara ya tano, akifuta vumbi ambalo halikuwepo. Lilikuwa haibridi, gari la petroli na betri ya umeme ambalo huwaka kimya; alilinunua kwa mtu miaka minne nyuma, na tangu siku ile alikuwa akiwaza siku ya kuliuza tu. Nailoni ya viti haikubanduliwa. Mkewe, Tunu, sokoni alikwenda kwa miguu. Hata mama yake Tunu alipougua, walimfuata kwa basi.

“Ona mwenyewe, dada. Kama jipya!” alimwambia mwanamke aliyekuja kulinunua.

Mnunuzi hakuvitazama viti. Alitazama kifaa cha kupimia alichokuwa amekichomeka chini ya usukani.

“Kaka, betri kubwa imechoka. Lilikuwa linakaa sana bila kutembea?”

“Nililitunza!”

“Haya hayatunzwi hivyo. Betri ikilala sana, inakufa. Na bei ya gari hili iko kwenye betri, si kwenye viti.” Akachomoa kifaa chake, akaaga kwa upole, akaenda zake.

Tunu, aliyekuwa akianika nguo, alikuwa amesikia yote. Alitua beseni, akafungua mlango wa mbele, akaikamata nailoni na kuivuta. Ilichanika kwa kelele hadi majirani wakageuka. Kihiyo aliinua mkono kumkataza, mkono ukabaki hewani.

“Washa, Baba Sifa,” alisema Tunu, ameshaketi. “Twende kwa mama.”

Kihiyo akaingia, akabonyeza kitufe. Hakukuwa na mngurumo. Wote wawili wakainamisha vichwa, wakisikiliza kama limewaka.