Mpaka Upangiwe

Siku hizi mjini kwetu huruhusiwi kumsaidia mtu mpaka Tume ya Kujitolea ikupangie. Ukivunja amri, mtoto wako anafukuzwa chekechea.

Leo asubuhi Bi Mwatima, jirani aliyemwogesha Nasra wangu alipozaliwa, aliteleza uani akashindwa kuinuka.

“Mama Nasra, niinue, mwanangu.”

“Bibi, mimi nimepangiwa kusomea watoto hadithi bustanini. Nimeshawaita Tume, wanakuja.”

“Ungewangoja hao siku ile ya uchungu, ungezalia mlangoni!” Akacheka, kisha akaguna kwa maumivu.

Nasra akakimbia kumshika mkono. Nikamvuta mtoto nyuma kwa nguvu, akalia.

“Usimlize mtoto. Nitasubiri.”

Jua lilipanda, hawakuja. Nasra akanyamaza, akasimama kando yangu, akaweka mikono nyuma kama mimi.